Mwongozo Kamili wa Kuzungumza na Mtu Usiyekubaliana Naye

Kwa miaka mingi mimi na kaka yangu mkubwa tulibishana juu ya viboko. Yeye anaamini mtoto asiyechapwa amenyimwa malezi. Mimi naamini fimbo haimfundishi mtoto kitu zaidi ya kuiogopa fimbo. Kila tulipokutana mada ilirudi, na kila iliporudi ningeweza kukutabiria nani angesema nini na kwa maneno gani. Yeye: "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Mimi: "Na wasiochapwa wamekuwa nini?" Hapo sauti zinapanda, mmoja wetu anachukua simu yake, kisha mtu anasema, "Haya, yaishe."

Yalikuwa hayaishi, ila yanaahirishwa tu. Niliyoyaandika hapa nimeyapata katika kusoma na kujaribu baada ya kuchoshwa na hiyo "yaishe". Nitaueleza mfano wetu kwa kirefu, kwa kuwa kanuni hizi zikisemwa hewani zinapendeza sana na hazimsaidii mtu.

Kabla ya yote: kuelewa si kukubali

Lugha yetu ina mtego hapa. Mtu akikwambia "mimi na shemeji hatuelewani", hamaanishi kwamba shemeji anazungumza lugha ngeni. Anamaanisha wamekosana. Tumezoea kuelewana kuwe ndiko kupatana. Matokeo yake, ukimwelewa mpinzani wako unahisi umeshampa nusu ya ushindi, na ukitaka kuonyesha kwamba hukubali, njia ya mkato ni kujifanya hujaelewa. Nimeifanya hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ing'oe fikra hiyo mapema. Kuelewa ni kazi unayoifanya sasa. Kukubali ni uamuzi, na unaweza kuja baadaye au usije kabisa. Mtu anaweza kuufahamu msimamo wa mwenzake mpaka mzizi, kisha akasema kwa utulivu, "Hapana, bado naona umekosea." Hapana ya namna hiyo ina uzito. Ile inayotoka kabla ya kusikia haina.

Hatua ya 1: Jiulize unakwenda kufanya nini

Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1878, aliyagawa mazungumzo mafungu matatu. Kuna ya kweli, ambamo kila mmoja anamgeukia mwenzake kama mtu aliyepo mbele yake hasa, wawe wanasema au wamenyamaza. Kuna ya kikazi, ya kupeana taarifa tu. Fungu la tatu ni mtu kujisemesha mwenyewe huku amevaa joho la mazungumzo: watu wawili wamekaa pamoja, midomo inakwenda, lakini kila mmoja anaongea na nafsi yake kwa njia ya kuzunguka.

Ubishi wangu na kaka ulikuwa wa fungu la tatu kabisa. Tungeweza kuachiana kinasa sauti kila mmoja akaenda zake.

Sisemi mdahalo ni kitu kibaya. Mahakamani na bungeni unahitajika: una mwamuzi, una muda, na lengo ni kushinda. Majadiliano ya mkataba nayo yana lengo lake, kila upande uondoke na fungu linaloutosha. Mazungumzo ninayoyaongelea lengo lake ni kuliona jambo vizuri kuliko ulivyoliona ulipoingia. Kwa hiyo jiulize mambo mawili. La kwanza: nikitoka hapa nimejifunza kitu lakini sijashinda, nitaona nimepoteza muda? La pili, gumu zaidi: kuna neno lolote ambalo huyu mtu anaweza kuniambia likanitikisa? Hans-Georg Gadamer, mwanafalsafa Mjerumani aliyeishi miaka 102 na kuitumia mingi katika swali la jinsi tunavyofahamu mambo, alishikilia kwamba kiini cha ufahamu ni kukiri kuwa mwenzako huenda ndiye aliye sahihi. Kama huwezi kukiri hivyo leo, kwa uchovu au kwa kidonda ambacho bado kibichi, subiri siku nyingine. Huo nao ni uaminifu.

Hatua ya 2: Ondoa watazamaji

Hili halihitaji maneno mengi. Mtu mwenye hadhira hujibu hadhira. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kaka hakuwa anazungumza nami bali na shangazi wanaosoma kimyakimya, na mimi pia. Kaeni wawili, ana kwa ana, bila haraka. Kama ni lazima mwe wengi, mpeni mmoja kazi ya kulinda zamu za kusema, naye asiwe na upande.

Hatua ya 3: Tafuteni mnapoachana njia hasa

Watu wengi wanabishania mahali ambapo hawatofautiani. Tofauti yoyote huwa imelala katika sehemu moja kati ya nne, au zote kwa pamoja: katika neno, katika jambo la hakika, katika kile kila mmoja anachokithamini, au katika kitu ambacho hakijatajwa kabisa.

Tulipokaa safari hii nilikwenda na karatasi. Kaka alicheka akaniuliza kama nimekuja kumfanyia mtihani. Tukaanza na neno lenyewe, "kuchapa". Ikabainika kwamba yeye akisema kuchapa anaona fimbo mbili za mkononi, mtoto anajua kosa lake, na jioni baba na mtoto wanacheka pamoja. Mimi nikisikia kuchapa namwona mwalimu mmoja wa utotoni akimpiga mtoto wa watu mpaka fimbo inavunjika, kisha anaagiza nyingine. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunabishana juu ya vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Kile nilichokuwa nakipinga mimi, yeye pia anakipinga.

Lakini usidanganyike kwamba maneno yakisafishwa tofauti inakwisha. Wapo wanaodai kwamba ugomvi wote ni wa kutoelewana tu. Si kweli. Watu wenye akili timamu, wanaotumia maneno kwa maana ileile, bado hutofautiana. Tulipoliweka neno sawa ilibaki tofauti halisi, ndogo na ngumu zaidi.

Sehemu ya pili ni ya hakika: je, fimbo hubadilisha tabia, au hufundisha mtoto kujificha tu? Hilo linaweza kuchunguzwa, na kubishana kwa sauti hakuongezi ushahidi. Liandike pembeni, mlitafute. Sehemu ya tatu ni ya thamani. Kaka anaogopa mtoto asiyeogopa chochote, kwa kuwa dunia haitambembeleza. Mimi naogopa nyumba kuwa mahali pa kwanza ambapo mtoto anaumizwa. Ukiyatazama vizuri, hakuna kati ya hayo mawili lililo la kipuuzi.

Sehemu ya nne huwezi kuifikia kwa kuchimba kwa nguvu. Kuna swali moja linalosaidia: *Kama jambo fulani lingethibitishwa bila shaka yoyote, ungebadili msimamo?* Nilimuuliza kaka hivi: "Tuseme imethibitika kwamba kuchapa hakubadilishi tabia hata kidogo. Ungeacha kuitetea fimbo?"

Alikaa kimya muda mrefu. "Hapana," akasema.

"Basi, kaka, tunabishania nini?"

"Tunabishania Baba," akasema. "Kila ukisema fimbo ni ukatili, mdogo wangu, unasema Baba alikuwa mkatili. Na Baba hayupo kujibu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa tafiti. Kwa hilo sikujiandaa.

Hatua ya 4: Useme msimamo wa mwenzako mpaka yeye mwenyewe aridhike

Ukiusahau mwongozo wote, ishike hatua hii. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alipendekeza zoezi jepesi kulieleza na gumu kulitenda: mnapobishana, hakuna anayeruhusiwa kutoa hoja yake kabla hajarudia mawazo na hisia za aliyemtangulia, kwa usahihi, mpaka mwenye mawazo aseme ameridhika. Anayepima ni yeye, si wewe. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu sisi sote tunadhani tumeelewa.

Wazo lenyewe ni la kale. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, inasimulia kwamba shule mbili za marabi (walimu wa dini), ya Hillel na ya Shammai, zilibishana miaka mitatu, kila moja ikidai sheria iko upande wake. Mwishowe ikasikika sauti ikisema maneno ya pande zote mbili ni maneno ya Mungu aliye hai, lakini sheria ifuate shule ya Hillel. Kwa nini? Kwa kuwa walikuwa wapole, walifundisha hoja zao pamoja na za wapinzani wao, na wakazitanguliza za wapinzani. Zingatia kwamba masimulizi hayataji hoja kali zaidi. Yanataja namna ya kubeba hoja ya mwingine.

Al-Ghazali naye, mwanazuoni wa Kiislamu, kabla ya kuwashambulia wanafalsafa wa mkondo wa Ibn Sina, aliyefuata falsafa ya Kigiriki, mwishoni mwa karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kueleza mafundisho yao. Aliyaeleza kwa uadilifu kiasi kwamba kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne iliyofuata, wasomaji wengi wa Ulaya walimdhania ni mfuasi wao. Mimi hujipima kwa hilo: mtu akisikia ninavyoueleza upande wa kaka, angebaki na shaka kidogo mimi niko upande gani?

Sasa jinsi inavyofanyika. Jaribio langu la kwanza lilikuwa hivi: "Kwa hiyo unaamini watoto lazima waumizwe ndipo watii." Kaka akatikisa kichwa. Ilikuwa haki yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, nami nilikuwa nimeivuta hasa. Nikajaribu tena: "Unaamini maumivu madogo ya leo yanamwepusha mtoto na makubwa ya kesho." "Karibu," akasema, "lakini hapo ni kama unasoma gazeti." Mara ya tatu nikaenda polepole: "Unaamini Baba alituchapa kwa kuwa alituhofia, si kwa kuwa alituchukia. Na ukikubali kwamba fimbo ni ukatili, utakuwa umemhukumu mtu asiyeweza tena kujitetea."

Akashusha pumzi. "Hicho. Hicho hasa."

Kutoka hapo mazungumzo yalibadilika hata sauti. Tahadhari chache kutokana na makosa yangu mwenyewe:

Usianze na "kwa hiyo unasema". Maneno hayo karibu kila mara hutangulia kinyago. "Ngoja nione kama nimekupata" yanamwachia nafasi ya kukusahihisha.

Usirudie maneno yake kama kasuku. Kurudia sauti kunaudhi, na mtu hujua anapochezewa mbinu. Tafuta maneno yako yanayobeba maana yake.

Ukishamsema vizuri, nyamaza. Usiunganishe na "lakini". "Nimekuelewa, lakini" ni mlango unaofunguliwa na kufungwa kwa mkono mmoja. Jambo lako lina zamu yake.

Wala usifanye hivi kwa kila sentensi, mtachoka kabla ya nusu saa. Fanya kwenye fundo, pale mnapokwama.

Rogers alionya pia juu ya gharama. Ukiingia kweli katika dunia ya mwenzako na kuiona kwa macho yake, unajiweka katika hatari ya kubadilika wewe. Ndiyo maana hatua hii inahitaji ujasiri kuliko upole. Mimi nilikwenda kumwelewa kaka, nikarudi na baba tofauti na yule niliyekuwa nimembeba kichwani.

Hatua ya 5: Uliza usichojua jibu lake

Swali la kumtega mtu si swali, ni hoja iliyovaa alama ya kuuliza. "Na wasiochapwa wamekuwa nini?" lilikuwa la aina hiyo. Wengi wanaopenda maswali ya mtego hujificha nyuma ya Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kweli alikuwa bingwa wa kuuliza, na kweli aliudhi watu kiasi cha kutosha, mpaka Athens ikamhukumu kifo mwaka 399 KK. Lakini katika maandishi ya mwanafunzi wake, Plato, anasema yeye ni mtu anayefurahi kurekebishwa akikosea sawa na anavyofurahi kumrekebisha mwingine, na kwamba kurekebishwa ndiyo faida kubwa zaidi, kwa kuwa kujinasua mwenyewe kutoka katika ubaya ni bora kuliko kumnasua mwingine. Ukichukua maswali yake, chukua na hilo.

Maswali yanayofungua huwa ya kawaida: Ulianza lini kuliona jambo hili hivi? Ni sehemu gani ya msimamo wako isiyokupa amani? Ni kitu gani ukikisikia kutoka upande wetu unaona tunakuonea?

Lipo lingine la kumuuliza mwenzako kwa upole baada ya kujiuliza mwenyewe: *Inafanyaje kazi, hatua kwa hatua?* Mwaka 2002 watafiti Leonid Rozenblit na Frank Keil waliwataka watu wapime jinsi wanavyovifahamu vitu vya kila siku, kama zipu, kisha waeleze kwa maandishi vinavyofanya kazi. Baada ya kueleza, watu wakajipunguzia alama. Nilipojaribu kueleza hatua kwa hatua jinsi mtoto anavyoadabishwa bila fimbo pale anapokataa katakata kusikia, niligundua nina hatua mbili za kwanza, na kuanzia ya tatu nina matumaini tu.

Hatua ya 6: Weka chako mezani pamoja na nyufa zake

Kusikiliza peke yake si mazungumzo. Kuna watu wanasikiliza vizuri mno na hawasemi wanachoamini, na mwishowe unajiona umehojiwa. Sema msimamo wako waziwazi, bila kuupaka asali.

Ila useme pamoja na udhaifu wake. Charles Darwin alijiwekea kanuni ya kuandika papo hapo jambo lolote lililopingana na matokeo yake, kwa kuwa alijua kumbukumbu huyatupa mambo ya namna hiyo haraka kuliko yale yanayotupendeza. Mimi nilimwambia kaka: "Siamini mtoto apigwe. Na nakiri kwamba wanangu wawili hunishinda siku nyingine, nikaishia kupiga kelele ambazo pengine zinawaumiza kuliko fimbo yako." Sikupanga kusema hivyo. Baada ya hapo naye akanisimulia siku moja ambayo alimchapa mwanawe kwa kosa la mtu mwingine, jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote. Hoja zangu za miaka yote hazikuwahi kulitoa hilo.

Mwanafizikia David Bohm, ambaye miaka yake ya mwisho aliitumia sana katika kuchunguza mazungumzo, alishauri mtu auning'inize msimamo wake: asiukane, asiutetee, autundike mbele ya wote ili autazame pamoja nao. Ndivyo inavyokuwa unapousema pamoja na nyufa zake.

Hasira ikipanda

Itapanda. Dalili mwilini unazijua mwenyewe: shingo, taya, masikio kuwa moto. Sema tu, "Nimekasirika, nipe dakika kumi," utoke, na urudi. Kurudi ndiko muhimu. Anayetoka asirudi ameondoka na mazungumzo.

Mahali ambapo mwongozo huu haufai

Mwaka 416 KK wajumbe wa Athens walikwenda kisiwa cha Melos na kuwaalika viongozi wake wazungumze, hoja kwa hoja, kwa utulivu. Thucydides, mwanahistoria wa Athens wa wakati huo, ametuachia maelezo ya mkutano huo. Watu wa Athens walisema mapema kwamba habari ya haki haihusiki: wenye nguvu hufanya wawezacho, na wanyonge huvumilia. Melos walikataa kusalimu amri. Wakazingirwa, na kisiwa kilipoanguka wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Huo mkutano huitwa mazungumzo, na ulikuwa na kila kitu cha mazungumzo isipokuwa kimoja: upande mmoja haukuweza kusema hapana bila kufa. Kwa hiyo angalia nguvu zimekaaje kabla ya kumwita mtu meza moja. Mfanyakazi anayejua kibarua chake kiko mkononi mwako hatakwambia ukweli kwa sababu umemwangalia kwa upole. Mke anayepigwa hahitaji kumwelewa zaidi anayempiga. Anahitaji kuwa salama. Na wewe ukiwa ndiye mnyonge, huna deni la kufungua moyo wako mbele ya mtu anayejadili kama wewe ni binadamu.

Baina ya watu wasiolingana nguvu lakini wenye nia njema, mwenye nguvu ndiye aanze: yeye awe wa kwanza kusikiliza, na wa kwanza kukiri.

Hatua ya mwisho: kufunga bila "yaishe"

"Yaishe" hufunika sufuria bila kuzima moto. Badala yake maliza kwa kusema mambo matatu kwa sauti: nilichokielewa ambacho sikukielewa awali, ninachoendelea kukikataa, na swali moja ambalo tumeliacha wazi. Kila mmoja aseme yake, kwa ufupi, bila mwingine kujibu. La pili lisikosekane. Mkiliruka kwa adabu, wiki ijayo kila mmoja atadhani mwenzake alikuja upande wake.

Kaka alianza. Alisema ameelewa kwamba simtukani Baba. Akasema bado haoni ubaya wa fimbo mbili za mkononi, na hadhani ataubadili mtazamo huo katika umri wake. Mimi nikasema nimeelewa kilichokuwa kinalindwa muda wote huo, na bado sitamchapa mtoto.

Swali tuliloliacha wazi ni lake: mtoto anayekataa hatua ya kwanza na ya pili, ya tatu ni ipi? Nilimwahidi jibu. Ameshanipigia simu mara mbili kuulizia, na bado sijalipata.